Je, Kazimoto Alikufa Bila Tumaini? Imani, Kifo na Sauti ya Msimulizi katika Riwaya za Kezilahabi

Utangulizi

Katika semina moja ya riwaya ya Kiswahili mwenzetu mmoja alisimama akasema: kama Kazimoto angekuwa na imani, asingejiua. Alisema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayetaja jambo lisilohitaji ushahidi. Mwingine akainuka upande wa pili akasema hapana, Kazimoto alijiua kwa sababu alijitenga na umma. Msomi aliyejitenga na wakulima hana pa kwenda ila kaburini. Basi ubishi ukawaka, mpaka saa yetu ikaisha tukatoka nje bado tunabishana. Mimi siku ile sikusema kitu. Nilikuwa na sababu yangu ya kunyamaza, nami nitaieleza mbele. Makala haya ndiyo jibu langu lililochelewa.

Shabaha yangu ni kuitazama upya *Kichwamaji* (1974) ya Euphrase Kezilahabi, pamoja na riwaya zake nyingine, kwa swali moja: tumaini la Kikristo la uhai baada ya kifo linafanya kazi gani ndani ya kazi hizi? Siulizi kama Kezilahabi alikuwa muumini au mpagani. Hilo ni jambo lake na Muumba wake, na tangu alipofariki mwaka 2020 hatuwezi tena kumwendea kumuuliza. Nauliza kazi zenyewe zinasema nini. Na hapa naomba niwatahadharishe mapema, ndugu zangu wanafunzi na waalimu wetu, kwamba nitakosoa kambi zote mbili za semina ile.

Usomaji wa kambi mbili

Tuanze na mambo ambayo wote tunakubaliana. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Ukerewe. Dada yake, Rukia, anapewa mimba na Manase, msomi mwenzake, kisha anakufa. Mama yao hachukui muda, naye anakufa kwa uchungu. Kazimoto anamwoa Sabina, ambaye ni dada wa huyo huyo Manase. Mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa, ule ugonjwa ulioipa riwaya jina lake, na mtoto haishi. Mwishoni Kazimoto anajiua. Katika safari yote hii anafikiri sana, anahoji maana ya maisha, na anamkana Mungu.

Kambi ya kwanza inaifanya riwaya hii kuwa mahubiri. Hoja yake ni fupi: asiye na Mungu hana kusudi la kuishi, na asiye na kusudi hujiua. Kazimoto anakuwa mfano wa kuonya vijana. Kambi ya pili, ambayo ina mizizi katika uhakiki wa ki-Marx uliotawala idara zetu miaka ya 1970 na 1980, inaona hapa ugonjwa wa kitabaka. Kwao mwandishi amekata tamaa, ameiga udhanaishi wa Ulaya, wa akina Sartre na Camus, akauleta Ukerewe bila kuona nguvu ya wakulima na wafanyakazi. Wanadai tumaini, lakini tumaini lao liko katika jamii mpya itakayojengwa hapa hapa duniani.

Ukizitazama vizuri, kambi hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Zote zinasoma kifo cha Kazimoto kama jibu la hesabu. Ondoa imani, jibu ni kujiua. Ondoa umma, jibu ni kujiua. Zote zinadai mwandishi angeweka mwishoni tumaini la aina wanayoipenda, ndipo kazi ingekuwa safi. Hivi kweli riwaya inaandikwa namna hiyo? Mhusika anapofiwa na dada, mama na mtoto, sisi tunaanza kumsahihisha kama karatasi ya mtihani?

Naona tuache kwanza kumhukumu Kazimoto. Turudi nyuma miaka mitatu, kwa mhusika mwingine wa Kezilahabi aliyejiua kabla yake.

Rosa mbele ya Mungu

*Rosa Mistika* ilitoka mwaka 1971 na ikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Sababu iliyokuwa vinywani mwa watu ni kwamba inaeleza mambo ya mapenzi waziwazi. Lakini tuliangalie jina lenyewe. Rosa mistika ni mojawapo ya majina anayoitwa Bikira Maria katika Litania ya Loreto. Kezilahabi, aliyepita seminari, alijua anachokifanya alipomvika jina hilo msichana anayepigwa na baba mlevi, akafungiwa nyumbani, kisha akaachiliwa katika dunia ambayo hakufundishwa kuiishi, mpaka mwisho akajiua.

Wengi tunamaliza uhakiki wetu wa *Rosa Mistika* hapo kwenye kujiua. Tunaandika dhamira ya malezi, dhamira ya nafasi ya mwanamke, basi, tunakunja karatasi. Lakini riwaya haikuishia hapo. Kezilahabi anawachukua Rosa na baba yake Zakaria, wote wawili wakiwa wamekwisha kufa, anawaleta mbele ya Mungu wakilaumiana. Binti anamshitaki baba na baba anamshitaki binti. Kuna waliosema sehemu hii ni kiraka, kwamba inavunja uhalisia wa riwaya. Mimi naona ndiyo sehemu yenye ujasiri kuliko zote, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka 1971 sheria ya Kanisa Katoliki iliyokuwa ikitumika ilikuwa ile ya mwaka 1917. Sheria hiyo iliwataja watu waliojiua kwa kusudi miongoni mwa wale waliokuwa wakinyimwa maziko ya Kanisa, isipokuwa kama walionyesha dalili ya kutubu kabla ya kufa. Ilikaa hivyo hadi sheria mpya ya mwaka 1983, ambayo haikuwataja tena katika orodha hiyo. Baadaye Katekisimu ya mwaka 1992 ikafundisha kwamba mfadhaiko mkubwa wa nafsi hupunguza wajibu wa aliyejiua, kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, na kwamba Kanisa linamwombea. Kwa hiyo Rosa aliandikwa katika kipindi ambacho mtu wa namna yake, kwa maandishi ya sheria, mlango wa mazishi ulikuwa umefungwa.

Sasa tazama mwandishi alichofanya. Msichana ambaye sheria ile ingemnyima maziko, yeye amempeleka moja kwa moja mbele ya Mungu mwenyewe, akampa nafasi ya kusema. Hakumtakasa. Hakusema Rosa hana kosa. Amempa kitu kimoja tu, kusikilizwa. Nyumbani kwa Zakaria Rosa hakusikilizwa, na shuleni hakusikilizwa. Mahali pa kwanza anapojieleza yeye na baba yake wakiwa wamesimama sawa ni ng'ambo ya kaburi.

Lakini tusiwe wepesi wa kufurahi. Uhai baada ya kifo katika *Rosa Mistika* una hakimu na una mashitaka, ila hauna karamu. Ugomvi wa nyumbani umehamia huko huko. Hili ndilo tumaini ambalo watu wengi wa kizazi cha mwandishi walilelewa nalo: Mungu anayesubiri mwishoni akiwa na daftari. Huwezi kulifanya daftari kuwa kusudi la kuishi. Unaweza kuliogopa tu. Na mtoto aliyelelewa kwa kuogopa daftari, siku moja akiamua kwamba halipo, atabaki na nini? Atabaki kuwa Kazimoto.

Milango miwili iliyofungwa

Ndiyo maana mimi naisoma *Kichwamaji* kama muendelezo wa ukurasa ule wa mwisho wa *Rosa Mistika*. Kazimoto ameufunga mlango ule wa mahakama. Swali ni je, alikuwa na mlango mwingine?

Hapa naomba msaada wa John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya aliyefariki mwaka 2019. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti alitumia maneno mawili ya lugha yetu, Sasa na Zamani, kueleza jinsi anavyoona Mwafrika wa jadi anavyoufikiri wakati. Mtu akifa hatoweki papo hapo. Anaendelea kuwamo katika Sasa kama mfu aliye hai, maadamu kuna watu waliomfahamu wanaomkumbuka na kumtaja kwa jina lake. Wa mwisho kumkumbuka akiondoka, ndipo anazama katika Zamani. Mbiti alidai pia kwamba wazo la wakati ujao wa mbali ni hafifu sana katika fikra hizo, na hapo alipingwa na wengi, nadhani kwa haki. Lakini lile la kukumbukwa na kizazi chako linaeleweka kwa yeyote aliyewahi kupewa jina la babu yake.

Kwa mtazamo huo kuna milango miwili ya kulivuka kaburi katika jamii anayoiandika Kezilahabi. Mmoja ni wa kanisani, ufufuo wa wafu. Mwingine ni wa nyumbani, mtoto atakayekutaja. Kazimoto ameukataa wa kwanza kwa akili yake, na hilo tunalisema kila mwaka kwenye mitihani. Tunachosahau ni kwamba wa pili alikuwa bado anao. Alioa. Alingoja mtoto. Mtu asiyeona kusudi lolote la kuishi hangoji mtoto.

Halafu mtoto anazaliwa na kichwa kile, anakufa. Manase naye mtoto wake ni hivyo hivyo. Wahakiki tumezoea kusema kichwa kikubwa ni ishara ya elimu ya kigeni iliyovimba bila faida, na mimi silikatai. Lakini kabla ya kuwa ishara ya elimu, mtoto ni mtoto. Pale ndipo mlango wa nyumbani ulipofungwa. Kwa hiyo Kazimoto hakujiua alipoacha kumwamini Mungu. Huyo alikuwa ameachana naye siku nyingi na bado akaishi, akasoma, akapenda, akaoa. Alijiua ulipofungwa na mlango wa pili. Ukweli huu wa mpangilio wa matukio unaivunja hoja ya mwenzetu wa semina. Kama kukosa imani peke yake kungetosha kumuua mtu, riwaya ingeisha kurasa nyingi mapema.

Vilevile unaidhoofisha hoja ya kambi ya pili. Tumaini la jamii mpya ni jambo kubwa na sitaki kulidharau. Lakini jamii mpya itamwambia nini mama wa Rukia? Itakapojengwa, Rukia atakuwamo? Tumaini linalowahesabu walio hai peke yao ni nusu ya tumaini. Ninavyoelewa, hapa ndipo imani ya Kikristo inapodai kitu ambacho itikadi haikithubutu. Paulo, anapowaandikia Wakorintho katika sura ile ya 15 ya waraka wa kwanza, haongelei ufufuo kama kitulizo. Anauweka kama sharti: kama wafu hawafufuliwi, imani yote ni bure na wanaoamini ni watu wa kuhurumiwa. Ni mtume mwenyewe anayekubali kuweka kila kitu mezani. Nikisoma sura ile baada ya *Kichwamaji* naona Paulo na Kazimoto wanakubaliana juu ya ukubwa wa swali. Wanaachana kwenye jibu tu.

Ayubu, Kazimoto na msikilizaji

Kuna mtu mwingine aliyefiwa na watoto, akakaa majivuni akalaani siku ya kuzaliwa kwake. Ayubu. Sioni mara nyingi akilinganishwa na Kazimoto katika uhakiki wetu, labda kwa kuwa tunamkumbuka Ayubu wa sura ya kwanza na ya pili peke yake, yule mvumilivu. Ayubu wa sura za katikati si mvumilivu hata kidogo. Anagomba. Anamwita Mungu mahakamani. Wale rafiki zake wanaomhubiria kwamba lazima ana kosa, mwishoni mwa kitabu ndio wanaokemewa, wala si yeye mgomvi. Wahubiri wetu wangekumbuka jambo hili kabla ya kumhubiria Kazimoto.

Basi tofauti ya Ayubu na Kazimoto iko wapi? Maumivu yao yanalingana. Maswali yao yanalingana. Wala Ayubu hana uhakika mkubwa wa mambo. Kitabu chote anapapasa. Tofauti naiona moja: Ayubu ana wa kumsemesha. Hata anapotukana karibu na kukufuru, anamtukania mtu fulani usoni. Kazimoto anajisemea. Mawazo yake marefu, ambayo wanafunzi tunayaona mazito na pengine ya kuchosha, ni mazungumzo yasiyo na upande wa pili.

Hapo nilidhani nimefika mwisho wa hoja yangu. Nilikuwa tayari kuandika kwamba Kazimoto alikufa kwa kukosa msikilizaji, nikafunga. Lakini nikakumbuka jambo la kifani ambalo tunalitaja kila siku bila kulifikiria. *Kichwamaji* imesimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Anayetueleza haya yote, kuanzia mwanzo, ni Kazimoto mwenyewe. Na Kazimoto amekufa.

Sasa basi, nani anaongea?

Najua jibu la haraka: hiyo ni mbinu ya kawaida ya usimulizi, tusiikaze mpaka ikatike. Sawa. Lakini mwandishi alikuwa na chaguo. *Rosa Mistika* aliisimulia kwa nafsi ya tatu, na angeweza kufanya hivyo tena. Badala yake, riwaya yenye mhusika anayekana uhai wowote ng'ambo ya kifo ndiyo aliyoipa sauti ya mtu ambaye, tukiufunga ukurasa wa mwisho, ni marehemu. Chukua kwamba aliandika haya kabla ya kufa: bado alimwandikia mtu atakayesoma yeye akiwa hayupo. Chukua kwamba ni sauti tu: basi ni sauti iliyovuka. Vyovyote utakavyolieleza, fani ya riwaya inakataa kukubaliana na mhusika wake. Rosa alipewa Mungu wa kumsikiliza. Kazimoto amepewa sisi.

Sidai kwamba kwa hilo riwaya imekuwa ya Kikristo. Hapana. Msomaji si Mungu, na kusomwa si kufufuka. Ninachodai ni kwamba kazi hii haikumwacha Kazimoto akae kimya kama yeye mwenyewe alivyoamini kwamba wafu wanakaa kimya. Anayesema hii ni riwaya isiyo na tumaini amesikiliza maneno ya mhusika bila kusikiliza umbo la hadithi.

Tumaini lenye vina: mfano wa Mnyampala

Ili nisionekane nasema fasihi ya Kiswahili inalijua tumaini hili kwa upande wa mashaka tu, nitaje kazi moja ya upande wa pili. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyezaliwa 1917 na kufa 1969, alitoa *Utenzi wa Enjili Takatifu* mwaka 1962. Jambo la kwanza la kustaajabisha ni umbo lake. Utenzi ni mali ya pwani, ulilelewa na Uislamu. *Utendi wa Tambuka*, ambao mswada wake unaojulikana ni wa mwaka 1728, unasimulia vita vya Waislamu na Herakali, mfalme wa Wakristo wa Rumi. Mshairi wa bara, Mkatoliki, amechukua chombo hicho hicho, mizani nane kwa kila mshororo na kina cha mwisho kinachofunga kila ubeti, akakisimulia Enjili. Sijui dini gani nyingine duniani zimeazimana chombo kwa adabu namna hiyo.

Utenzi una tabia yake. Msimulizi anajua mwisho tangu ubeti wa kwanza, na hadhira pia inajua. Kina kile cha mwisho kinarudi na kurudi, kila ubeti unatua mahali pamoja. Kwa hiyo tumaini katika utenzi halitafutwi. Lipo tayari, linatembezwa. Hii ndiyo nguvu yake, na ndiyo sababu watu waliweza kuukariri na kuuimba. Lakini ndiyo mipaka yake pia. Ukiwa katikati ya msiba, usiku wa kwanza, hujui mwisho. Utenzi unasema na mtu aliyekwisha kufika. *Kichwamaji* inasema na aliye njiani, na njia yenyewe imeingia giza. Naona fasihi yetu inazihitaji zote mbili, na tatizo letu ni kuzisomea katika vyumba tofauti: utenzi tunauweka kwenye kozi ya ushairi wa jadi, riwaya kwenye kozi ya riwaya, wala hazikutani.

Sababu ya kunyamaza kwangu

Sasa nirudi kwenye ile semina. Mwenzetu aliposema kwamba Kazimoto angekuwa na imani asingejiua, mimi nilimkumbuka binamu yangu, mtoto wa shangazi. Aliimba kwaya, sauti ya nne, miaka mingi. Alifunga, alisali, alikuwa wa kwanza kufika kanisani na wa mwisho kutoka. Tena si kwa unafiki, aliyemfahamu anajua. Naye alijitoa uhai. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Wakati wa kumzika palitokea maneno. Wazee fulani walisema pasiwe na nyimbo, eti kaburi la namna hii huimbiwi. Kwaya yake mwenyewe ilisimama pembeni na vitabu mikononi, imefunga vinywa. Ndipo shangazi, mama wa marehemu, akaanzisha wimbo peke yake. Sauti ilikuwa mbaya, imekauka kwa kulia. Beti ya kwanza aliimba peke yake. Ya pili akina mama wakaingia. Ya tatu kwaya nayo ikaingia, na pale kwenye sauti ya nne palisikika pengo, maana aliyekuwa akiibeba ndiye aliyekuwa ndani ya jeneza.

Kwa hiyo nikisikia mtu anatamka kwa utulivu kwamba imani ingemwokoa Kazimoto, naona anasema pia kwamba binamu yangu hakuwa na imani. Hilo si kweli, nami nalijua kwa ukaribu. Imani si dawa ya kumeza ambayo ukiimeza hufi. Biblia yenyewe haikuahidi hivyo; Eliya chini ya mti aliomba afe, na malaika aliyetumwa hakumhubiria, alimletea mkate na maji.

Lakini siku ile pia nilijifunza kitu ambacho Kazimoto hakukijua. Tumaini la ng'ambo ya kifo nilikuwa nimelifikiria siku zote kama jambo la ndani ya kichwa cha mtu mmoja: unalo au huna. Pale kaburini aliyelibeba hakuwa mwenye kufa. Yeye alikuwa ameishiwa. Alilibeba mama yake kwa niaba yake, na mama alipoelemewa wakalibeba wengine. Mtu anaweza kuishiwa na tumaini na bado asiwe amelikosa, kama kuna wanaolishika wakati yeye hawezi. Hili ndilo nadhani Wakristo wanaliita kanisa wakiwa katika siku zao nzuri. Na hili Kazimoto hakulikuta mahali. Walio karibu naye wanakufa mmoja mmoja, na wanaobaki kila mmoja analia kivyake.

Hitimisho

Kezilahabi hakuliacha swali hili. Katika *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975) alimpa mhusika wake mkuu jina la Tumaini, kisha akampeleka kwenye kitanzi. Katika *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) aliuacha uhalisia kabisa, akaingia katika safari za ajabu ambamo kuna habari za mkombozi wa pili na utafutaji wa mzee anayefanana sana na Mungu. Miaka ishirini baada ya kumsimamisha Rosa mbele ya hakimu, mwandishi bado yuko njiani anabisha hodi kwenye mlango ule ule. Mtu aliyelimaliza swali harudi kubisha hodi.

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba Kazimoto hakufa kwa hoja ya kutokuwapo kwa Mungu, bali alikufa baada ya kufungwa kila njia ambayo jamii yake ilikuwa nayo ya kulivuka kaburi. Pili, kwamba riwaya yenyewe kwa fani yake inampa sauti baada ya kifo ambayo yeye kwa kauli yake aliikana. Tatu, kwamba tumaini la Kikristo likisomwa kama kipimo cha kuwapimia wafu linageuka kuwa lile daftari la *Rosa Mistika*, na halimwokoi mtu.

Waalimu wetu watasema sehemu ya binamu haikuwa ya uhakiki. Pengine. Lakini tumefundishwa kwamba fasihi ni ya jamii, nami ni mmoja wa jamii hiyo. Mwaka ujao semina ya *Kichwamaji* itakuwapo tena, na yupo atakayesimama kusema lile neno. Namwomba tu kabla ya kusimama aangalie kwanza waliokaa naye kwenye benchi.